Klasta ya grafu chini ya mapaa matatu: tulivyoijenga Lubumbashi

#1 Mwanzisha uzi (Lubumbashi)

Jambo yenu wote. Nimeahidi mara nyingi kuandika kuhusu klasta (seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja) ya Neo4j, hifadhidata ya grafu, yaani inayohifadhi watu na viungo kati yao, tuliyoijenga kwa ajili ya ushirika mmoja wa akiba na mikopo hapa mjini, na leo nimekaa niandike.

Naanza na lililotuumiza. Tulikuwa na seva tatu, zote nzima, na usiku mmoja wa Februari zikazimika zote tatu kwa mpigo. Zilikaa chumba kimoja mtaa wa Kamalondo, inveta moja, swichi moja, waya mmoja wa umeme kutoka barabarani. Mvua ikanyesha, umeme ukakatika, betri zikashika saa mbili na kidogo, basi. Kulipokucha akina mama wa soko la Kenya (mtaa wa hapa hapa Lubumbashi) walikuwa wamepanga mstari dirishani, na watunza fedha wanaandika malipo kwenye daftari.

Kwa nini grafu? Wanachama wengi wa ushirika ule wanauza kapenta (dagaa), makala (mkaa), unga na mitumba. Hawana hati ya kiwanja ya kuweka rehani, kwa hiyo mkopo unasimama juu ya watu: huyu kamdhamini yule. Ukiziandika dhamana hizo kwenye jedwali, kila mstari unaonekana safi. Ubaya unajitokeza ukifuata mnyororo. Muuza makala kamdhamini muuza kapenta, muuza kapenta kamdhamini muuza unga, muuza unga kamdhamini yule yule wa makala. Umezunguka ukarudi ulikotoka, na nyuma ya mikopo mitatu hakuna kitu. SQL, lugha ya hifadhidata za majedwali, inaweza kuutafuta mduara huo, lakini kwiri (swali unaloiandikia hifadhidata) inakuwa ndefu na nzito kadiri mnyororo unavyorefuka. Kwa Cypher, lugha ya Neo4j, ni hivi:

MATCH p = (m:Mwanachama)-[:AMEMDHAMINI*2..6]->(m) RETURN p

Anza kwa mwanachama, fuata dhamana kuanzia hatua 2 hadi 6, uone kama unarudi kwake. (Mduara mmoja utajitokeza mara kadhaa, kwa kuwa kila aliyemo anahesabiwa kama mwanzo. Usishtuke, chuja baadaye.) Afisa mikopo anaangalia jibu hilo kabla ya kusaini. Ndiyo maana mfumo ukilala, mikopo nayo inalala.

Sasa habari ya seva tatu. Klasta ya Neo4j inatumia Raft, kanuni ya makubaliano iliyotolewa mwaka 2014 na Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford. Seva zinachagua kiongozi mmoja. Kila kinachoandikwa kinapita kwake, anakituma kwa wenzake, na muamala unahesabika umekamilika pale wengi wao wanapokuwa wameuandika. Wanaokaa kwenye likelemba (upatu) au vikundi vya akiba wanalijua sanduku la makufuli matatu, kila ufunguo kwa mtu wake, na bila wote watatu halifunguki. Raft ni sanduku la aina hiyo, ila funguo mbili kati ya tatu zinatosha. Hiyo ndiyo akidi.

Hesabu yake ni hii: ukitaka kuvumilia vifo F, unahitaji seva 2F + 1. Tatu zinavumilia kifo kimoja. Tano zinavumilia viwili. Nne zinavumilia kimoja tu, sawa na tatu, kwa hiyo ya nne umeinunua bure. Na mbili hazivumilii hata kimoja, jambo ambalo wateja wengi hawaliamini mpaka wawekewe mezani.

Hesabu hiyo inadhani kwamba kila seva inakufa kwa ajali yake. Sisi tulikuwa na mashine tatu na ajali moja. Nimejifunza kuuliza kwanza: ni kitu gani kikikatika kitaangusha mbili kwa pamoja? Waya, betri, swichi, ruta, paa linalovuja, mlinzi mwenye ufunguo wa chumba. Kila jibu ni kitu cha kutenganisha.

#2 Mdau wa Dar es Salaam

Mkuu, uzi mzuri. Ila mbona mnajitesa na betri? Wingu lipo. Johannesburg pale, Cape Town pale. Seva tatu katika kanda tatu tofauti na umelala usingizi.

#3 Mwanzisha uzi

Asante mkuu, swali la haki, na tulilijadili siku mbili nzima.

Kutoka Lubumbashi hadi Johannesburg kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,600. Mwanga ndani ya faiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 16 hata kama kebo ingepita angani kama ndege, na haipiti hivyo. Kwa kazi yetu hizo milisekunde si kitu. Mtunza fedha hatazihisi.

Kilichotuzuia ni swali lile lile la nini kinaangusha nini. Dirisha la malipo la Katuba liko hapa mjini. Akidi yote ikikaa Johannesburg, faiba ikikatwa na katapila linalochimba mtaro popote njiani, dirisha limefungwa. Akidi ikikaa hapa mjini, kiungo cha nje kikifa tunaendelea kupokea pesa za watu. Wateja wako wangekuwa wametapakaa nchi tatu, ningekuambia weka winguni bila kusita. Wetu wanatembea kwa miguu hadi dirishani.

Nje ya nchi tunapeleka nakala rudufu tu, zikiwa zimefungwa kwa ufunguo wa siri. Nitazifikia.

#4 Mwanafunzi, Kasapa

Yaya, nisamehe kama swali ni la kitoto. Kichwa cha uzi kinasema mapaa matatu. Seva hizo mliziweka wapi? Na kuna ubaya gani kuziweka sehemu mbili, mbili huku na moja kule?

#5 Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, hilo si la kitoto. Ndilo kosa letu la pili.

Baada ya Februari tuliacha mbili Kamalondo na moja tukaipeleka ofisi ya mjumbe mmoja wa bodi, upande wa Golf. Tulijiona tumemaliza. Wiki chache baadaye kiungo cha Kamalondo kikafa. Ile ya Golf ilikuwa hai, taa zinawaka, ukiiuliza inajibu, lakini ukitaka iandike inakataa. Nikapigiwa simu: seva nzima lakini haitaki kufanya kazi!

Ilifanya sawasawa. Moja kati ya tatu si akidi. Haiwezi kujua kama wenzake wamekufa au wako hai upande wa pili na wameshachagua kiongozi wao. Ingekubali kuandika, tungekuwa na daftari mbili zinazopingana, na kuzipatanisha kwa mkono daftari za pesa za watu ni kazi ambayo simwombei mtu yeyote. Kwa hiyo inasoma tu, inangoja.

Sehemu mbili haziwezi kukuokoa, hata uzigawe vipi. Upande wenye wengi ukianguka, wachache wanabaki mikono mitupu. Ukiweka tano, tatu huku na mbili kule, ni yale yale. Inahitajika sehemu ya tatu, hata ikiwa ndogo.

Ya tatu tuliipata Bel-Air, kwenye duka la mwanachama mwenye paneli za sola juu ya paa. Kiungo chake ni redio ya masafa kutoka paa hadi paa, hakipiti kwenye faiba ya wengine. Kamalondo ina inveta, Golf ina jenereta, Bel-Air ina jua. Nimechagua makusudi vyanzo visivyofanana, maana delestaji (mgao wa umeme) ikizidi, betri zilizonunuliwa siku moja zinachoka pamoja.

#6 Mdau wa Likasi

Papa, weka basi mipangilio yenyewe, watu wajifunze. Na utaje milango (namba za kupitishia mawasiliano) ya kufungua kwenye ukuta wa moto unaolinda seva, hapo ndipo mimi nilipoteza Jumapili nzima.

#7 Mwanzisha uzi

Haya. Ni toleo la 5, linalotaka Java 17. Kwenye kila seva, faili la neo4j.conf lina mistari hii, ukibadilisha jina la seva yenyewe tu:

server.default_listen_address=0.0.0.0
server.default_advertised_address=seva1.ndani
initial.dbms.default_primaries_count=3
dbms.cluster.discovery.endpoints=seva1.ndani:5000,seva2.ndani:5000,seva3.ndani:5000

Anwani ya kutangaza ndiyo inayowasumbua wengi. Lazima iwe jina ambalo seva nyingine, na programu ya dirishani pia, zinaweza kulifikia. Ukiacha localhost (jina ambalo kila mashine inajiita yenyewe), kila seva inawaambia wenzake "nitafuteni kwangu", nao wanajitafuta wenyewe.

Milango: 5000 ya kutambuana, 6000 ya kupelekeana miamala, 7000 ya Raft yenyewe, 7688 ya kuelekezana, na 7687 ya Bolt, itifaki ya Neo4j, ambayo programu zinaingilia. Minne ya kwanza isionekane kabisa kwenye intaneti. Sisi tumeipitisha ndani ya VPN (njia ya faragha iliyofungwa) kati ya seva na seva. Zikiwaka, andika SHOW SERVERS. Zote tatu ziwe Enabled na Available. Kisha SHOW DATABASES uone nani ni kiongozi wa hifadhidata ipi. Kumbuka kwamba hifadhidata ya system (ya mambo ya ndani ya Neo4j) nayo ina kiongozi wake, na si lazima akae kwenye seva moja na kiongozi wa data yako.

Onyo kwa wanaotumia mashine pepe (kompyuta za programu ndani ya kompyuta halisi). Sisi tuliandaa seva moja, tukaiwasha kuipima, kisha tukanakili diski yake mara mbili kuokoa muda. Klasta haikuunganika siku nzima. Sababu: Neo4j ikiwaka mara ya kwanza inajipa namba ya utambulisho na kuihifadhi kwenye folda ya data. Tulikuwa na seva tatu zenye kitambulisho kimoja. Nakili kabla hujaiwasha hata mara moja. Ukiwa umeshakosea, izime kisha neo4j-admin server unbind inafuta hali ya klasta ili ianze upya.

Na saa. Lubumbashi iko mbele ya UTC (saa ya dunia) kwa saa 2, Kinshasa kwa saa 1, na mtu wetu wa msaada anakaa Kinshasa. Alipokuwa akitusomea logi zake (kumbukumbu za matukio), tulitafuta tukio kwenye saa ambayo kwetu lilikuwa halijatokea bado. Sasa kila kitu kinaandikwa kwa UTC na seva zote zinachukua saa kwa NTP, huduma ya kusawazisha saa mtandaoni.

#8 Mdau wa Dar es Salaam

Nimekuelewa kuhusu akidi. Sasa swali la programu: kiongozi akifa mtunza fedha akiwa katikati ya kubofya, inakuwaje?

#9 Mwanzisha uzi

Hapa mkuu ndipo ninapotaka watengenezaji wasome polepole, kwa sababu kuunganisha seva ni kazi ya siku mbili, na hili lilituchukua miezi.

Kwanza anwani. Programu yetu ilikuwa inaingia kwa bolt://seva1, yaani moja kwa moja kwa seva ya kwanza. Siku uongozi ulipohamia seva ya pili, kila malipo yakarudi na kosa la NotALeader, yaani "mimi si kiongozi". Klasta nzima ilikuwa hai na dirisha limekufa. Tumia neo4j:// badala yake. Hapo draiva (maktaba inayounganisha programu na Neo4j) inaomba ramani ya klasta, inajua nani anaandikiwa na nani anasomewa, na kiongozi akibadilika inamtafuta mpya.

Pili, kujaribu tena. Tumia miamala inayosimamiwa na draiva, ile ya execute_write kwa wanaoandika Python. Kiongozi akianguka, draiva inangoja na kuurudia muamala kwa kiongozi mpya. Katika majaribio yetu mtunza fedha aliona kitufe kikizunguka chini ya nusu dakika, kisha risiti ikatoka.

Lakini chukua mfano huu. Mama mmoja analipa faranga 20,000. Kiongozi anaandika, wengi wanakubali, muamala umekamilika, na kabla jibu halijafika dirishani kiongozi anazimika. Draiva haikupata jibu, kwa hiyo inarudia. Sasa yule mama amelipa mara mbili kwenye daftari, na jioni hesabu ya fedha haikubali. Lilitupata hili, na mtunza fedha alishukiwa kwa siku mbili nzima bila kosa lolote. Tulipogundua nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi mbele ya wenzake. Mfumo mbovu unaweza kumchafulia mtu jina, na jina dirishani ndiyo kazi yake.

Dawa: namba ya risiti itengenezwe dirishani kabla ya kutuma, si kwenye hifadhidata. Kisha weka sharti:

CREATE CONSTRAINT risiti_pekee FOR (r:Risiti) REQUIRE r.namba IS UNIQUE

Na malipo yaandikwe kwa MERGE (amri inayounda kitu pale tu kisipokuwepo) juu ya namba hiyo, na kiasi kikae kwenye risiti yenyewe. Ukirudia mara kumi, risiti ni ile ile moja. Usiongeze salio kwa kujumlisha ndani ya muamala ule ule bila kuangalia kwanza kama risiti ilikuwepo.

Tatu, alamisho. Mtunza fedha akimaliza kuandika kisha akafungua ukurasa wa mwanachama, usomaji unaweza kwenda kwa seva ambayo bado haijapata muamala ule. Mama anaambiwa "hujalipa" na risiti anayo mkononi. Draiva inatoa alamisho baada ya kuandika. Ipeleke kwenye kikao kinachofuata, na seva itangoja mpaka iwe imefika hapo ndipo ijibu.

#10 Mwanafunzi, Kasapa

Yaya, hii yote ni bei gani? Nimesoma kwamba toleo la bure halina klasta.

#11 Mwanzisha uzi

Kweli. Toleo la Community ni huru chini ya leseni ya GPLv3, lakini ni seva moja tu. Klasta iko kwenye Enterprise, na hiyo ina leseni ya kibiashara. Zungumza na wenye programu kuhusu bei kabla hujamwahidi mteja chochote.

Kuna njia ya JanusGraph, hifadhidata nyingine ya grafu. Ni huru chini ya leseni ya Apache 2.0, iko chini ya Linux Foundation tangu 2017, lugha yake ni Gremlin, na data inakaa kwenye hifadhidata za chini kama Cassandra au HBase. Cassandra yenye nakala tatu, ukisoma na kuandika kwa akidi, itavumilia kifo cha moja. Lakini juu ya Cassandra hupati miamala yenye uhakika ule wa Neo4j, na upekee wa namba ya risiti unahitaji kufuli za ziada. Kwa ramani ya marafiki ningeikubali. Kwa pesa za akina mama, sikuikubali.

Na nikuambie ninachowaambia wateja uso kwa uso: wengi hawahitaji klasta. Kama duka lako linaweza kuvumilia saa mbili za daftari, nunua seva moja nzuri yenye SSD, betri za kutosha, toleo la Community, kila usiku uizime dakika chache utoe nakala kwa neo4j-admin database dump, na uwe na mashine ya pili kabatini. Utalala vizuri kuliko mwenye klasta asiyeielewa. Ushirika wetu uliihitaji kwa sababu ulifungua madirisha matatu na siku ya soko hayasimami.

#12 Mdau wa Likasi

Papa, ongeza hili: klasta si nakala rudufu. Kwetu kijana mmoja aliandika DETACH DELETE (amri ya kufuta) akasahau WHERE (sharti la nini kifutwe). Kufumba na kufumbua seva zote tatu zikawa tupu, kwa uaminifu kabisa. Tuliokolewa na bakapu ya usiku uliotangulia, tukapoteza asubuhi moja ya kazi.

#13 Mwanzisha uzi

Pole sana ndugu, na asante kwa kusema wazi. Raft inakubaliana juu ya ulichoandika, hata kama ulichoandika ni kufuta kila kitu.

Sisi tunachukua bakapu kila usiku kwa neo4j-admin database backup bila kuzima chochote. Inachukuliwa kutoka seva ya nne, ambayo ni ya pembeni: haipigi kura, inavuta miamala nyuma ya wenzake, na ripoti nzito za mwisho wa mwezi zinasomwa huko ili zisiwaelemee wanaohudumia dirisha. Iko kwenu Likasi, kilomita kama 120 kutoka hapa. Ilivyowekwa, baada ya seva yenyewe kuongezwa kwa ENABLE SERVER:

ALTER DATABASE neo4j SET TOPOLOGY 3 PRIMARIES 1 SECONDARY

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mtu mmoja anarudisha bakapu kwenye kompyuta ya mkononi, anahesabu wanachama na jumla ya salio, analinganisha na karatasi iliyosainiwa na mhasibu. Mara ya tatu tulikuta faili limekatika katikati kwa sababu diski ilijaa. Bila kulirudisha tusingejua mpaka siku ya msiba.

#14 Mdau wa Dar es Salaam

Mkuu, la mwisho. Mmeshawahi kuchomoa waya kweli, au mnaamini tu?

#15 Mwanzisha uzi

Tumechomoa. Jumamosi iliyopita, madirisha yakiwa wazi, wateja wachache, bodi ikiwa imearifiwa kwa barua.

Tulianza Kamalondo alipo kiongozi. Niliomba mhasibu achomoe yeye mwenyewe, siyo mimi, ili asiwe na shaka. Dirisha la Katuba liliganda sekunde ishirini na kitu, kisha likaendelea, kiongozi yuko Golf. Risiti mbili zilizokuwa njiani tulizikagua moja moja: kila moja iliandikwa mara moja. Tukarudisha Kamalondo, ikajipanga na wenzake bila kuguswa. Kisha tukachomoa mbili pamoja, Golf na Bel-Air. Kuandika kukasimama, kusoma kukaendelea, na watunza fedha wakatoa daftari lenye kurasa za namba za risiti zilizochapwa mapema, ambazo ndizo namba zile zile zitakazoingizwa kwenye MERGE baadaye. Walikuwa wamefanya mazoezi, mstari haukurefuka.

Kilichoshindwa ni redio ya Bel-Air. Tulipoirudishia umeme ilichukua dakika kumi na moja kushika mawimbi, kwa sababu mkono wa antena umelegea na upepo umeugeuza kidogo. Fundi anapanda paani kesho asubuhi kabla mvua ya mchana haijaanza. Nitarudi hapa na vipimo vipya akishaikaza.